Inavuja Huku, Inaumwa Kule

Regyuleta ya mzamiaji haivuji Ijumaa mchana, watu wako msikitini na boti imelala mchangani. Ina siku zake. Huvuja boti ikiwa imejaa wageni, nanga iko chini Mnemba, maji maangavu mpaka unaona mchanga, na mgeni ameshavalishwa kila kitu cha kuvalishwa. Unafungua mtungi, unasikia sssss. Si kelele kubwa, lakini nahodha anazima redio, mpishi anaacha kukata nanasi, na wote wananitazama mimi.

Wananitazama kwa sababu mimi ndiye fundi. Hapa Nungwi, kaskazini ya Unguja, ukiulizia fundi wa vifaa vya kuzamia utaelekezwa kwenye nyumba yenye mwembe, uingie uani, uruke ndoo, na ukimwona mtu kainamia meza iliyojaa vijispringi, ndiye huyo. Msimu wa wageni ukipamba moto hupandishwa na botini pia, nikae na mitungi. Kazi yenyewe nzuri. Udhia wake ni kwamba hakuna mtu asiyeamini kuwa kuvuja anakujua. Paa limevuja, bomba limevuja, ngalawa imevuja, mtihani umevuja. Nani hajapata kuona kitu kikivuja? Basi ikivuja regyuleta ushauri hauna mwisho, na wote unaelekezwa pale pale inapotokea hewa. Mtego uko hapo. Chombo hiki aghalabu huvuja huku kikiumwa kule.

Niwaeleze kidogo kilivyo, halafu turudi kwenye fujo. Mtungi uliojaa una presha ya bari 200 hivi. Tairi la gari lina mbili na ushei. Hewa ya bari 200 hakuna pafu la binadamu linaloiweza, kwa hiyo kipande cha kwanza cha regyuleta, kile kinachofungwa mtungini, huishusha hadi bari 9 au 10 juu ya presha ya maji uliyomo. Kutoka hapo inapita kwenye mpira mpaka kipande cha pili, kile cha mdomoni. Humo mna kiwambo cha mpira laini na wenzo mdogo. Ukivuta pumzi kiwambo kinabonyea, kinausukuma wenzo, valvu inafunguka, unapata hewa. Ukiacha kuvuta, inafunga. Hakuna la zaidi. Pua imezibwa na miwani, meno yameng'ata kipande cha mpira, na kati yako na Bahari ya Hindi pana springi ambayo ikianguka mkekani huioni tena.

La kushika ni kuwa ile valvu ya mdomoni hufungukia upande inakoelekea hewa, kama mlango wa uani unaosukumwa na upepo. Walioibuni walikusudia. Kipande cha mtungini kikishindwa kazi, presha ikapanda kupita kiasi, badala ya mpira kupasuka valvu ya mdomoni inasukumwa wazi na hewa ya ziada inatoka. Kwa hiyo ile sssss inaweza kuwa ya mdomoni kweli, au cha mdomoni kinalipa deni la mwenzake wa mtungini. Kwa kusikiliza tu huwezi kujua ni ipi. Lazima upime.

Kupima, hata hivyo, hakupendwi. Kinachopendwa ni kukaza.

Nje ya nyumba yetu pana baraza, na barazani hapakosi wataalamu. Siku moja duka moja la kuzamia liliniachia regyuleta inayovuja kwenye maungio ya mpira. Nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi nikamkuta jirani yetu, fundi bomba, kaipakata mapajani, ameshaizungushia ile tepu nyeupe ya mabomba, mizunguko kwa mizunguko, kwa mapenzi makubwa.

"Nishakumalizia, yakhe," akasema.

Nikamshukuru, nikaketi kuitoa kwa kibano, uzi mmoja mmoja, mpaka magharibi. Nyuzi za maungio ya regyuleta hazizuii hewa. Kazi yake ni kushika tu. Anayezuia hewa ni oringi, kijiduara cha mpira kinachokaa kwenye kijifereji chake. Tepu hapo haisaidii kitu, ila ikichanika vipande vyake husafiri na hewa hadi kwenye valvu, na sasa una mivujo miwili badala ya mmoja. Nilimweleza hayo yote. Akaniuliza mbona kwenye bomba inafanya kazi. Nikamwambia pale kwenye bomba hapana oringi. Akafikiri, akasema basi waliotengeneza kitu hiki hawakupita kwa mafundi bomba.

Jirani wa pili ni fundi pikipiki, naye ni wa hatari zaidi, kwa sababu oringi anazo. Ana kopo zima, nyeusi zote, na husema hakuna oringi duniani isiyokuwa na ndugu yake humo ndani. Kijana mmoja wa boti alimwamini. Oringi ya kwenye valvu ya mtungi ilikuwa imechanika, kopo la fundi pikipiki likatoa ndugu yake, na kwa jicho zilikuwa sawasawa. Unene ndio uliopishana, tofauti ambayo ungehitaji kipimo kuiona. Bari 200 haina haja ya kipimo. Mtungi ulipofunguliwa oringi ilikaa kwa muda wa mtu kusema bismillahi, kisha ikachomoka pahala pake kwa kishindo ambacho nadhani walikisikia Kendwa. Mpishi aliachia nanasi, akaachia kisu, alhamdulillahi, kisha akajitupa majini na nguo zake. Mgeni mmoja mtu mzima alilala kifudifudi katikati ya chombo na mikono kichwani, akakataa kuinuka mpaka mkewe alipomwita. Nahodha, ambaye amevuka Mkondo wa Pemba na kusi limechachamaa, alitoa shahada kwa sauti. Gharama ya kitu chenyewe, kile cha asli, haifiki bei ya lile nanasi. Boti yoyote ya maana inazo kadhaa kwenye kopo tupu la dawa, na mimi sipandi isiyo nazo.

Mama mkwe wangu ushauri wake ni mmoja kwa maradhi yote: mafuta ya nazi. Nimemweleza kwa adabu kwamba mpira wa oringi hupakwa grisi ya silikoni, tena kidogo sana, na kwamba kwenye hewa iliyoongezwa oksijeni mafuta ya kawaida yanaweza kuwaka moto. Akaniambia nywele zake zina miaka sitini hazijawaka.

Wageni nao wana hofu zao. Wengi huogopa kamstari ka mapovu membamba kanakotoka kwenye geji. Kanatisha, kwa sababu geji inapokea presha nzima ya mtungi, lakini tundu inakopitia hewa ya geji ni jembamba mno, na tatizo aghalabu ni kijipini chenye oringi mbili ndogo pale geji inapozungukia. Unakarekebisha jioni. Mpira wa kipande cha mdomoni, ambao presha yake ni ya chini na watu hawauogopi, ukipasuka humwaga mtungi kwa kasi ambayo hutaki kuishuhudia ukiwa chini. Mimi humkunja mgeni mpira wake mbele yake, pale karibu na chuma, nimwonyeshe nyufa. Wengine hushukuru. Wengine huniuliza kwa nini nauvunja.

Kuna na kuvuja kwa kinyume, kwa maji kuingia ndani badala ya hewa kutoka nje. Hapo wa kulaumiwa ni kile kijijani laini cha mpira chini ya kipande cha mdomoni, kinachofunguka unapotoa pumzi. Chembe ya mchanga ikikaa chini yake, au unywele, au kipande cha kung'atwa kikiwa kimetobolewa na meno, kila pumzi inakuja na tone la chumvi. Mama mmoja wa Kifaransa alipanda kutoka chini analalamika kwamba amekunywa bahari. Nikakifungua kipande chake pale pale botini. Ndani alikuwamo mende. Mende wanakipenda kipande cha mdomoni: kuna kiza, kuna unyevu, kuna mate ya watu waliokula maembe. Huyu alikuwa amejibanza kwenye njia ya kutokea pumzi, mguu wake umekiinua kile kijijani cha mpira kiasi cha maji kupenya. Mama akauliza ni nini. Bosi wa boti akanitazama kwa jicho ambalo kila aliyeajiriwa analifahamu. Nikasema ni mwani. Mwani wa aina gani, wenye miguu sita, sikuona haja ya kueleza.

Lakini iliyonitoa jasho kweli ni ya Mjerumani.

Alikuwa mzee wa watu, mpole, amekuja na regyuleta yake mwenyewe kutoka kwao, kaiviringisha ndani ya soksi ya sufu. Akamwambia kila mtu kwamba imetoka sevisi kabla ya safari. Hilo ndilo lililowapoteza vijana wa duka alikokuwa anazamia, na sikuwashangaa. Regyuleta iliyotoka sevisi huvuja sana. Siti mpya, yaani kile kidude laini kinachokaa juu ya tundu la hewa na kuliziba, ikishabanwa na springi kwa muda hubonyea kidogo pale inapokutana na ukingo wa chuma. Kubonyea huko kunatosha kuleta sssss, na dawa yake ni kurekebisha kidogo tu, robo ya mzunguko au chini yake. Vijana wakachukua bisibisi wakakaza. Ikanyamaza. Wakakaza zaidi, kwa usalama. Mgeni akavuta pumzi, akawa mwekundu, akasema kwa upole wake wa kawaida kwamba anadhani hewa haiji. Wakalegeza. Ikavuja. Wakakaza. Wakaendelea hivyo mpaka wakanikumbuka.

Nilipoletewa nilifanya kitu ambacho barazani hakikuvutia kabisa: sikugusa bisibisi. Nilichomeka geji ya presha ya kati kwenye ule mpira wa kujazia hewa jaketi la mzamiaji, nikafungua mtungi, nikakaa. Fundi bomba akauliza nangoja nini. Nikamwambia atazame mshale. Ulisimama kwenye 9.5. Nikabonyeza kitufe cha katikati cha kipande cha mdomoni hewa itoke, nikaachia. Mshale ukashuka, ukarudi 9.5. Regyuleta iliyo nzima hukaa hapo hata mtu akienda Makka akarudi. Hii ilikaa kidogo, kisha 9.7. Ikawa 10. Fundi pikipiki akajongea. Kumi na nusu. Kumi na moja. Na ilipokaribia 12, kile cha mdomoni, ambacho vijana walikuwa wamekikaza mpaka kikapinda midomo, kikaanza: sssss.

"Si nilisema," akasema fundi bomba, ambaye hakuwa amesema.

Maana yake ni kwamba cha mdomoni hakikuwa na kosa tangu mwanzo. Siti ya kipande cha mtungini ilikuwa haizibi sawasawa, presha inanyatia taratibu, na kila ikifika kimo fulani inasukuma mlango wa mwenzake. Kukaza huku kulikuwa kumzuia mlinzi asipige kelele. Sijui kwa nini jambo hili ni gumu kuwaingia vijana, nami nimeshalisema mpaka nimechoka: geji kwanza, bisibisi baadaye. Geji hiyo si ghali na haihitaji chuo.

Nikakifungua kipande cha mtungini. Pale inapoingilia hewa pana kichungi kidogo cha shaba, nacho husema mengi kuliko mwenye mali. Kikiwa chekundu, mtungi wa chuma una kutu ndani. Kikiwa cheusi, kamtafute mwenye kompresa, mkaa wa vichungi vyake umepita. Hiki kilikuwa kijani. Kijani ni maji ya chumvi yameingia mahali ambapo hapana ruhusa ya tone moja kuingia.

Nikamuuliza mzee, "Unaiosha vipi?"

Akasema yeye huiosha kwa uangalifu, kifuniko cha vumbi kikiwa kimefungwa barabara. Kisha akakumbuka kwamba tangu wiki iliyopita haoshi yeye. Kijana wa usafi hotelini kwake, mtu mwenye adabu, alikuwa akiikuta bafuni ina chumvi, naye akaona aibu mgeni aishi na kitu kichafu. Akawa anaiosha kila siku. Na kwa kuwa alikuwa mchapakazi wa kweli, hakutosheka na nje. Alifungua kile kifuniko cha vumbi ili maji ya bomba yapite mpaka ndani. Maji ya bomba ya huku kwetu pwani nayo yana chumvi yake. Maji yakakauka, chembe za chumvi zikabaki, springi ikazigandamiza kwenye siti, siti ikapata kovu. Mzee alikuwa amempa bakhshishi nzuri kwa kazi hiyo.

Nashikilia kwamba bahari haijaua regyuleta nyingi kiasi hicho. Wauaji ni waoshaji. Kuna wanaosahau kifuniko, kuna wanaobonyeza kitufe cha katikati wakati regyuleta imelowekwa na haina presha, maji yakashuka kwenye mpira hadi kipande cha mtungini, na kuna lile karai la duka ambalo asubuhi lina maji baridi na ikifika saa sita mchana, baada ya boti mbili kusuuzia humo, lina supu.

Spea nilikuwa nazo. Duka moja liliagiza seti ya aina ile ile kutoka nje, likabadili vifaa, seti ikabaki kwangu kwenye kopo. Kilichokosekana ni siki. Vipande vya shaba vyenye ukungu wa kijani hulowekwa kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi, raba zote zikiwa zimeshatolewa, kisha husuuzwa kwa maji safi kabisa. Siki nyumbani ilikuwapo chupa moja, na ilikuwa na mwenyewe.

"Hiyo ya achari," mke wangu akasema, hata sijaifungua kabati.

"Kikombe tu."

"Mara iliyopita ulisema kikombe."

Tukaafikiana kwa masharti ambayo si ya kuandikwa. Nikaweka siki kwenye sufuria ndogo, nikatia vipande, vikaanza kutoa vijipovu. Hapo mama mkwe akaingia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akachungulia sufuria.

"Mnapika nini?"

"Shaba, mama."

Akamtazama mwanawe kwa huruma, akaenda kuketi.

Na umeme ukakatika. Naapa ungesubiri dakika kumi tu ungenikuta nimemaliza. Nilikuwa nimeshasuuza, nimekausha, nimeweka siti mpya na oringi mpya, nimebakiza kile kipete cha chuma chenye mwanya kinachofunga kila kitu kisitoke. Kipete hicho huingia kwa kubanwa na koleo, na kikiponyoka kwenye koleo huruka. Kiliponyoka gizani. Tulikisikia kikigonga kitu cha bati, kisha kikanyamaza.

Nyumba nzima ikapiga magoti. Simu tatu zikawashwa tochi. Mkeka ukainuliwa, makubadhi yakapinduliwa, ndoo ikamwagwa. Barazani wakasikia, wakaingia na tochi zao, na fundi pikipiki akasema kipete kama hicho anacho kwenye kopo. Nikamwomba, kwa jina la Mola, asilete. Tulipokwisha kukata tamaa mwanangu wa mwisho, ambaye muda wote huo alikuwa kakaa kwenye ngazi ametulia kuliko kawaida yake, akauliza:

"Baba, mtu akikipata utampa nini?"

Kilikuwa mkononi mwake tangu mwanzo. Alianza na baiskeli. Tukashuka mpaka barafu za shilingi elfu moja, taslimu, usiku ule ule. Mama mkwe akasema mtoto huyu angalau atakuja kuwa na kazi ya maana.

Nikafunga. Nikachomeka geji. Mshale ukaja 9.5, ukasimama. Nikanywa chai. Ukawa umesimama. Mke wangu akaja na taa kuutazama, akasema haufanyi kitu. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yake. Kisha nikageukia cha mdomoni, nikalegeza yote waliyokuwa wamekaza vijana: unalegeza polepole mpaka isikike sssss, unarudi nyuma kidogo mpaka inyamaze, unaongeza tone la mwisho, basi. Nikaizamisha yote kwenye ndoo, watoto wakainama juu yake kutafuta povu. Hakuna aliyeliona, na waliudhika.

Asubuhi nikapanda boti na mzee wangu. Kaskazi lilikuwa limetulia, maji yamelala. Botini alivuta pumzi chache akiwa amekaa, akanipa dole gumba, kisha kwa kuwa hilo kwao wazamiaji ni ishara ya kupanda juu, akasahihisha akanipa ya sawasawa. Akajirusha. Alipoibuka kulikuwa na mngurumo na povu jeupe limemzunguka. Kipande cha akiba, kile cha manjano ambacho mtu hubeba kwa ajili ya mwenzake, kilikuwa kinamwaga hewa kwa nguvu zote.

"Inavuja tena!" akapiga kelele. Botini wote wakanigeukia.

"Kigeuze!" nikamjibu. "Mdomo uangalie chini!"

Akakigeuza. Kikanyamaza papo hapo.

Hiyo si hitilafu. Kipande kikielea mdomo wake ukiangalia juu, kiwambo kinakuwa chini zaidi kuliko tundu la hewa, na tofauti ya sentimita chache za maji inatosha kukibonyeza na kufungua valvu. Nilipomweleza nahodha tukiwa tunawangoja wazamiaji juu, hakuridhika na hoja ya sentimita. Nikamwambia basi ajue kwamba ugonjwa huu ni wa kuzaliwa. Mwaka 1943 Ufaransa ilikuwa chini ya Wajerumani, petroli ya kiraia adimu, na mhandisi mmoja, Émile Gagnan, alikuwa ametengeneza valvu ya kuwezesha magari yatembee kwa gesi. Jacques-Yves Cousteau, mwanamaji aliyetaka kuogelea chini ya maji bila kufungwa na mpira wa juu, alimwendea, wakaigeuza ile valvu ikawa ya kuvutia pumzi. Wakaijaribu kwenye mto Marne, karibu na Paris, baridi kali. Cousteau akilala sawa, hewa inakuja vizuri. Akisimama wima, hewa inamwagika ovyo. Akipinduka kichwa chini, hewa haiji. Wakagundua kwamba tundu la kutolea pumzi lilikuwa juu kuliko lile la kuingizia hewa, wakayaweka kimo kimoja, na huo ndio ukawa Aqua-Lung. Yaani ile ya kwanza kabisa waliyoitengeneza ilipelekwa majini, ikavuja, na mwenye kuivumbua akarudi nayo mezani.

Nahodha alisikiliza yote. Lakini katika yote hayo kilichomkaa ni kimoja.

"Kwa hiyo ilianzia kwenye gesi."

"Ilianzia kwenye gesi."

"Basi ya jiko la nyumbani kwangu inavuja. Jioni nitakuletea."

"Ya gesi haitengenezwi, nahodha. Hununuliwa mpya. Funga mtungi, fungua madirisha, mtu asiwashe kiberiti."

"Mtungi wa bari 200 unaulalia kwa kichwa, huu wa jikoni unauogopa?"

"Ule ukivuja unatoa hewa. Huu ukivuja unatoa moto."

Akatikisa kichwa, akawasha redio. Nilidhani yamekwisha. Lakini niliporudi kutoka msikitini baada ya alasiri nilimkuta kwenye baraza yetu, regyuleta ya jikoni iko mapajani kwa fundi bomba, fundi pikipiki kafunua kopo lake anachagua, na tepu imeshafika mzunguko wa tatu.